Msikiti wa Ijumaa Kando ya Ziwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Ujenzi Wake na Maana Yake

Kwa miaka kadhaa sasa, kila Jumamosi asubuhi, nimekuwa nikiwapokea wageni katika msikiti wetu wa Ijumaa hapa Mwanza. Huja wanafunzi wa sekondari, majirani Wakristo waliopita mlangoni miaka mingi bila kuingia, wanakamati kutoka Sengerema na Magu wanaojiandaa kujenga wa kwao, na mara nyingine wasafiri walioshuka melini asubuhi hiyohiyo. Mimi si sheikhe. Ni fundi mwashi niliyestaafu, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeipitisha juu ya majukwaa ya misikiti na shule katika wilaya za kando ya ziwa. Kwa kuwa maswali ya wageni hufanana, nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake. Yale ya hukumu za dini nimewaachia wanazuoni. Ninayoyajibu ni ya jengo na ya maisha yanayoendelea ndani yake.

Nikiingia msikitini kwa mara ya kwanza, nianze kutazama wapi?

Tazama sakafuni kabla hujatazama juu. Wageni wengi huinua macho moja kwa moja kwenye kuba na taa kubwa inayoning'inia, na siwalaumu, maana vinapendeza, lakini siri ya jengo iko kwenye mistari ya zulia. Kila mstari ni safu moja, na katika safu watu husimama bega kwa bega bila kujali nani ni nani, hata mfanyabiashara wa samaki wa Mwaloni akajikuta kando ya kijana aliyembebea magunia saa moja iliyopita. Karibu kila uamuzi wa mjenzi, uwe upana wa ukumbi, mahali pa nguzo, kimo cha madirisha au idadi ya milango, hutokana na swali moja: je, safu itanyooka, itakamilika na itasikia? Mtu akilishika swali hilo anaweza kuingia katika msikiti wowote duniani akausoma bila mkalimani.

Kwa nini misikiti mingine huitwa ya Ijumaa na mingine haiitwi hivyo?

Kila msikiti ni mahali pa swala tano za kila siku, lakini swala ya Ijumaa na hotuba zake mbili hukusanya watu wa eneo kubwa zaidi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanayafuata, asili ya jambo ni kwamba mji mzima ukusanyike mahali pamoja siku hiyo, na haja ya mahali pengine ikubaliwe pale ambapo mji umekuwa mkubwa na watu hawaenei. Mji kama Mwanza, ulioenea kutoka Mkuyuni hadi Igoma na Ilemela, hauwezi tena kuingia katika ukumbi mmoja, ndiyo maana misikiti ya Ijumaa ni mingi. Hata hivyo wazo lile la awali bado linaamua umbo: msikiti wa Ijumaa hujengwa kwa kipimo cha mji, si kwa kipimo cha mtaa.

Kibla ya Mwanza iko upande gani hasa, na mafundi huipataje?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kwa urefu, kwa sababu ukuta wa kibla, yaani wa upande wa Makka ambao wenye kuswali huuelekea, ndio wa kwanza kuchorwa, na ukikosewa huo, kila kitu kilichobaki kimekosewa pamoja nao.

Makka iko kaskazini mwetu, umbali wa takriban kilomita 2,770 kwa mstari ulionyooka, lakini haiko kaskazini kamili. Kutoka Mwanza, kibla inapinda kuelekea mashariki kwa kiasi cha nyuzi 15 na nusu. Bukoba, iliyoko magharibi zaidi, inapinda karibu nyuzi 19. Musoma ni nyuzi 14 hivi, na Kisumu inakaribia 13. Dar es Salaam, kwa kuwa iko karibu kwenye mstari mmoja na Makka kutoka kusini kwenda kaskazini, kibla yake inapinda kwa nyuzi moja tu. Tofauti hii si ndogo. Fundi aliyezoea kujenga Pwani, ambako akielekeza jengo kaskazini kamili amepatia, akija huku ziwani na mazoea yaleyale atajenga msikiti uliopinda, naye atakuwa amefanya kazi yake kwa nia njema kabisa.

Siku hizi wengi hutumia simu au dira. Dira ina adui wake, nao ni chuma: ukiishika karibu na rundo la nondo au ukiwa umeegemea gari, sindano hupotoka na wewe hujui. Ninachowashauri wanakamati ni kutumia jua, kwa sababu jua halihongeki. Mara mbili kwa mwaka jua hupita juu kabisa ya Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27 mchana, na kwa kuwa saa ya Makka na saa ya Tanzania ni moja, hakuna hesabu ya kubadilisha. Simika kijiti kilichonyooka kwenye ardhi iliyosawazishwa, ukihakikishe kwa timazi, kisha subiri dakika hiyo. Hapa Mwanza kivuli kitakuwa kifupi, karibu nusu ya urefu wa kijiti. Ukitoka kwenye ncha ya kivuli kuelekea shina la kijiti, ndiyo kibla. Piga vigingi viwili, funga uzi, na umwite fundi mwingine authibitishe kabla jembe halijagusa ardhi.

Nimelifanya hili zaidi ya mara moja, na bado kila mara moyo hudunda. Watu kumi wamesimama kimya wakizunguka kijiti, mmoja ameshika saa, na kivuli kinatambaa juu ya vumbi polepole mno hadi unadhani kimesimama.

Kile kibanda kilichoingia ukutani mbele ni cha nini?

Ni mihirabu, ambayo watu wa Pwani huiita kibla vilevile. Si mahali patakatifu kuliko pengine, wala hakuna kitu kilichofichwa ndani yake, ingawa wanafunzi huniuliza hivyo karibu kila wiki. Huonyesha upande wa kuelekea, humpa imamu mahali pa kusimama bila kula nafasi ya safu nzima, na mviringo wake huirudisha sauti yake nyuma kwa watu. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina, uliojengwa mwaka 622 kwa matofali ya udongo, nguzo za magogo ya mitende na kivuli cha makuti, haukuwa na kibanda hicho, kilitiwa pale msikiti huo ulipojengwa upya mwanzoni mwa karne ya 8, Umar ibn Abdul-Aziz alipokuwa gavana wa Madina.

Kulia kwa mihirabu kuna mimbari, ngazi anayopanda khatibu siku ya Ijumaa. Kimo chake kina sababu moja tu: mtu wa safu ya mwisho amwone anayezungumza.

Ukumbi una ukubwa gani, na unachukua watu wangapi?

Hesabu ya fundi ni rahisi. Mtu mmoja anahitaji upana wa sentimita 60 kwa mabega na urefu wa sentimita 120 ili asujudu bila kumgonga aliye mbele. Ukumbi wenye upana wa mita 30 utakuwa na watu 50 katika kila safu, na ukiwa na kina cha mita 20 utatoa safu 16, yaani watu 800. Kamati zinazotaja maelfu huku kiwanja ni cha nyumba mbili nawaomba wachukue futi kamba kwanza.

Angalia pia kwamba nimetaja upana mkubwa kuliko kina. Ukumbi mpana hutoa safu ndefu, na safu ndefu huwaweka watu wengi karibu na imamu. Ukumbi mwembamba unaorefuka kwenda nyuma kama godauni hukusanya watu walewale, lakini nusu yao huona migongo ya walio mbele tu, bila kumsikia imamu.

Je, msikiti lazima uwe na kuba?

Hapana. Hakuna sharti la dini linalodai kuba, wala mwezi juu yake, ambao ulienea zaidi kutokana na mazoea ya Waturuki wa dola ya Osmani.

Kuba ilipendwa kwa sababu inatatua tatizo la safu. Paa bapa lenye upana mkubwa linahitaji nguzo nyingi katikati, na kila nguzo hukata safu. Wanazuoni wengi wamechukia watu kusimama baina ya nguzo pasipo dharura. Mjenzi ana njia mbili. Anaweza kuzikubali nguzo na kuzifanya uzuri, kama ilivyofanyika Cordoba nchini Hispania, ambako msikiti ulioanzishwa karne ya 8 una nguzo zaidi ya 800 zinazosimama kama shamba la mitende. Au anaweza kuzisukuma pembeni kwa kuinua kuba. Aliyelifikisha hili mbali ni Sinan, mwashi mkuu wa masultani wa Osmani, ambaye katika msikiti wa Selimiye mjini Edirne, uliokamilika miaka ya 1570, alisimamisha kuba yenye kipenyo cha mita 31 hivi juu ya nguzo nane zilizojibanza karibu na kuta, na katikati pote akawaachia watu. Kila ninapoiona picha ya ukumbi ule nafikiri kwamba hiyo ndiyo heshima kubwa ambayo fundi anaweza kumpa mwenye kuswali.

Kwetu, kenchi za chuma zinaweza kufunika mita 20 bila nguzo, kwa hiyo kuba nyingi zinazojengwa siku hizi hazibebi chochote. Zimepandishwa juu ya paa ili jengo litambulike kwa mbali. Silipingi hilo, kwa kuwa mji una haki ya kujua msikiti wake uko wapi. Ninachowaomba wanakamati ni kwamba, fedha zikiwa chache, sakafu, maji na kivuli vitangulie, na kuba ingoje. Kuba ya zege iliyopigwa plasta laini bila kitu cha kunyonya sauti huwa na mwangwi mkali, na nimeshakaa katika ukumbi mzuri sana ambamo hotuba nzima ilisikika kama mtu anayezungumza ndani ya pipa.

Na minara? Misikiti ya kale ya Waswahili mbona mingi haina?

Kwa karne nyingi misikiti ya mwambao wetu haikuwa na minara. Mwadhini alipanda juu ya paa akaita. Mnara ni desturi ya miji mingine iliyotufikia polepole, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuipeleka sauti juu ya mapaa. Kipaza sauti kimeichukua kazi hiyo. Hata hivyo kwa mji wa vilima na mawe kama huu wetu, ambako nyumba zimepanda miamba ya Mabatini na Igogo hadi kileleni, mnara bado humwelekeza mgeni. Wavuvi wameniambia kwamba wanarudi alfajiri wakiitambua Kirumba kwa taa ya mnara kabla hawajaliona gati.

Anayetaka kuona mnara wa kupanda aende Kampala, kwenye Msikiti wa Taifa wa Uganda ulioko kilima cha Old Kampala. Ujenzi wake ulianza wakati wa Idi Amin miaka ya 1970, ukasimama kwa miaka mingi, na ukakamilishwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa rasmi mwaka 2008. Mnara wake una ngazi zaidi ya 300, na aliyefika juu anauona mji wote na vilima vyake.

Misikiti ya ziwani inatofautianaje na ile ya Pwani?

Tofauti kubwa ni ya vitu vya kujengea, na vitu ndivyo vinavyoamua umbo.

Pwani walikuwa na matumbawe, jiwe jepesi la baharini linalochongeka likiwa bichi na kukauka likawa gumu. Walikuwa na chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo. Na walikuwa na boriti za mikoko, ambazo hazivuki zaidi ya mita tatu hivi kabla ya kupinda. Ndiyo maana nyumba na misikiti ya kale ya Waswahili ina vyumba vyembamba au nguzo zilizokaribiana. Msikiti wa Kizimkazi kisiwani Unguja una maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107. Lakini mfano mkubwa kuliko yote ni Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao kila fundi wa Tanzania angepaswa kuuona japo mara moja. Sehemu yake ya kaskazini, iliyo kongwe zaidi, ni ya karne ya 11 au ya 12 na ilibebwa na nguzo tisa. Mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, uliongezwa ukumbi mkubwa uliofunikwa kwa kuba na mapaa ya tao. Sehemu hiyo ilibomoka ikajengwa upya karne ya 15, na kuba yake kubwa ilibaki bila mpinzani katika Afrika Mashariki hadi karne ya 19. Magofu ya Kilwa yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981.

Kuna jambo moja pale ambalo wageni hulipita bila kuliona. Ongezeko lilifanywa upande wa kusini. Halikuweza kufanywa kaskazini, kwa sababu kaskazini ndiko kibla, na ukuta wa kibla ukishasimama hausogezwi ovyo. Msikiti wa nchi zetu hukua kwa nyuma, kama mtu anayewapisha wengine wakae. Wanakamati wanaponiuliza wanunue kiwanja kipi, huwajibu kwa Kilwa: acheni ardhi upande wa kusini, hata kama leo hamna fedha ya kuijenga.

Huku ziwani hatuna tumbawe wala mkoko. Uislamu ulifika pamoja na wafanyabiashara wa Pwani na wa Oman waliopitia Tabora na Karagwe. Kufikia mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alikuwa amefika katika kasri la Kabaka Suna II wa Buganda na kumsomea Kurani. Watu wa safari waliswali kwenye misala chini ya miti na ndani ya vibanda vya miti na nyasi, na vibanda vya namna hiyo havimwachii mchimbaji wa leo kitu cha kushika. Majengo ya kudumu yalisubiri vyombo vya usafiri. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaanza kuleta mabati na saruji hadi huku. Kisha reli kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928. Kwa hiyo msikiti wa ziwani ni mtoto wa mabati, tofali za kuchoma na jiwe.

Kuhusu jiwe tunajivunia. Miamba hii iliyoupa mji wetu sura yake, ambayo mgeni huipiga picha pale kwenye Jiwe la Bismarck, ni msingi usiotikisika, lakini ni msumbufu kwa anayetaka sakafu iliyo sawa. Mafundi wa hapa huwasha moto juu ya jiwe hadi liive, kisha hulipiga nyundo likapasuka kwa tabaka. Vipande vikubwa huingia kwenye msingi, na vidogo huwaendea akina mama wanaovunja kokoto kando ya barabara. Katika msikiti wetu kuna pembe ya baraza ambako mwamba ulikataa kuondoka, tukaamua kuuacha umetokeza, na leo ndiko wazee hukaa kungoja Magharibi, kwa sababu hubaki na ubaridi hata jua la saa tisa.

Mnafanyaje kuhusu joto, na wale wadudu wa ziwani?

Hapa Mungu ametufanyia wepesi. Kwa kuwa kibla yetu inakaribia kaskazini, na kwa kuwa ukumbi hurefuka kando kufuata safu, kuta ndefu hutazama kaskazini na kusini, na kuta fupi ndizo zinazopigwa na jua kali la asubuhi na la jioni. Mtaalamu yeyote wa majengo ya nchi za joto angekuambia ujenge hivyo hata kama hujui kuswali. Jua huwa upande wa kaskazini wetu tangu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo madirisha ya ukuta wa kibla huwekwa juu na huwa madogo, ili mwanga usiwachome macho walio safu ya kwanza.

Upepo wa mchana hutoka ziwani. Matundu yawe mengi upande huo, na upande wa pili pawe na njia ya kutokea, la sivyo upepo utagonga ukuta na kurudi. Mapaa ya bati yasiyo na dari huleta joto mchana, na mvua ya masika ikinyesha juu yake hotuba huzama kabisa. Dari si anasa.

Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi hufuata taa wakati wa Isha. Nyavu kwenye madirisha husaidia, na taa kali ziwekwe nje mbali na milango ili wakusanyike huko. Asubuhi yake huwa tunafagia ndoo nzima.

Kwa nini sehemu ya udhu inachukua nafasi kubwa hivyo?

Kwa sababu watu 800 hawawezi kutawadha kwenye koki sita ndani ya dakika kumi, na asiyepata maji hukosa safu. Misikiti ya kale ya Pwani ilikuwa na kisima na birika, pamoja na mawe ya kusugulia miguu kabla ya kupanda. Sisi tuna koki, viti vya zege vya kimo cha goti kwa ajili ya wazee, na mfereji wenye mteremko wa kutosha. Mteremko ndio husahaulika. Nawashauri pia wavune maji ya mvua ya paa kwenye tangi, maana ziwa liko hapo tunaliona lakini bomba lina siku zake.

Wanawake wana nafasi gani katika jengo?

Wana nafasi kamili, na mchoro ndio mahali pa kuithibitisha. Nimeona misikiti ambayo sehemu ya wanawake ilikumbukwa mwishoni, ikawa stoo isiyo na dirisha yenye spika moja inayokoroma. Hilo linaniuma, kwa kuwa mama aliyetoka Kisesa na mtoto mgongoni amekuja kwa nia ileile iliyomleta mumewe. Wawe na mlango wao, sehemu yao ya udhu, hewa, na mahali pa kumwona au kumsikia khatibu wazi. Roshani ya juu ni nzuri ikiwa ngazi zake si za kumtesa mjamzito na bibi.

Kwa nini hakuna picha ukutani?

Picha za watu na wanyama haziwekwi mahali pa ibada. Badala yake mafundi wameyapeleka macho kwenye hati za Kiarabu, nakshi za maua, na maumbo ya nyota yanayojirudia. Chukua nyota moja ya pembe nane kwenye mlango wetu uifuate kwa kidole: kila mstari wake unaendelea na kuwa mstari wa nyota ya jirani, na hutapata mahali pa kuinua kidole.

Tunaweza kujenga msikiti kwenye ukingo wa ziwa, kama ule wa Casablanca?

Msikiti wa Hassan II mjini Casablanca, uliokamilika mwaka 1993, umesimama kwenye ukingo wa bahari ya Atlantiki. Una mnara unaozidi mita 200 na ukumbi wa watu 25,000, mbali na uwanja wa wengine 80,000. Kila kijana aliyeuona kwenye simu huniuliza kwa nini tusiwe na wetu pale Capri Point. Jibu la kwanza ni sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Jibu la pili ni ziwa lenyewe. Mwaka 2020 maji yalipanda kuliko ilivyozoeleka, yakaingia katika nyumba na mialo, na waliojenga karibu waliujua ukweli huo kwa gharama.

Nje ya swala, jengo hili lina kazi gani?

Asubuhi na alasiri kuna madrasa. Ndoa hufungwa hapa, na maiti huswaliwa hapa kabla ya kupelekwa makaburini. Milango mikubwa ya upande inapimwa ili jeneza lipite likiwa mabegani bila kuinamishwa. Mwezi wa Ramadhani baraza hugeuka mahali pa futari, uji na tende kwanza, na asiyejulikana hula pamoja na anayejulikana. Msafiri wa Ukerewe aliyekosa kivuko hulala barazani. Maduka yaliyo mbele ya msikiti ni wakfu: kodi yake hulipa umeme, maji na posho ya mwadhini, na hayauziki wala hayarithiwi.

Ukarabati nao ni kazi ya jamii. Mjini Djenné nchini Mali, ambako msikiti mkuu wa sasa ulijengwa kwa udongo mwaka 1907, mji mzima hutoka kila mwaka kuupaka udongo upya, vijana juu ya vijiti vilivyotokeza ukutani na wengine wakileta matope. Sisi tuna siku ya chokaa kabla ya Ramadhani.

Mimi si Mwislamu. Naweza kuja?

Karibu sana. Mwone imamu au mlinzi kwanza, vaa nguo ya kusitiri, vua viatu mlangoni, usipite mbele ya mtu anayeswali, na uepuke saa sita hadi saa nane mchana siku ya Ijumaa, si kwa kuwa unafukuzwa bali kwa kuwa hatutapata nafasi ya kukuhudumia.

Tumegundua msikiti wetu umepinda. Tuubomoe?

Hukumu ya swala zilizopita waulizeni masheikhe. Kuhusu jengo, sijawahi kushauri kubomoa.

Niliitwa zamani kwenye msikiti mmoja wa kijiji cha kando ya ziwa ambao fundi wake alikuwa ameuelekeza kaskazini kamili. Tulingoja Julai, tukapima kwa kijiti nje ya mlango, kisha tukauingiza uzi ndani, ukakatiza vigae vya sakafu kwa upande. Ukuta ulikuwa unatazama kwingine na uzi kwingine, na hakuna aliyesema neno kwa muda. Tukaondoa mikeka, tukachora mistari mipya kwa rangi nyeupe kufuata uzi, mmoja baada ya mwingine hadi nyuma. Pembe mbili za ukumbi zikabaki na nafasi za umbo la pembetatu ambazo safu haziwezi kuzifikia. Katika moja waliweka kabati la misahafu, na katika nyingine viti vya wazee wasioweza kukaa chini. Adhuhuri ilipoadhiniwa rangi ilikuwa haijakauka vizuri. Mzee mmoja alisimama mahali pake pa miaka yote, akatazama chini, akageuza miguu yake kidogo kuelekea kulia mpaka vidole vikagusa mstari, na waliokuwa kando yake wakageuka pamoja naye.